Uchovu una saa zake



Leo tuzungumze habari ya uchovu usiokwisha. Siyo ule wa kulima. Ule ukilala unaondoka. Huu, mtu analala usiku kucha, anaamka kama aliyetwanga mpunga hadi alfajiri. Waganga wanauita ugonjwa wa uchovu sugu. Hudumu miezi 6 au zaidi, hata miaka.

Tazameni taabu yake. Asubuhi jembe halinyanyuki. Jioni mgonjwa yupo barazani anacheka na wenzake. Basi watu husema, "Kumbe mzima! Anakwepa shamba tu." Mke anaitwa mvivu, mume anaitwa mzigo.

Si uvivu. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa Marekani lilitamka kuwa huu ni ugonjwa wa kweli wa mwili.

Kila mwili una saa yake, imo ndani ya ubongo. Hata jogoo anayo. Saa hiyo hufuata mwanga wa jua. Joto la mwili hushuka kabisa kama saa 10 au 11 alfajiri, hupanda jioni. Mwenye afya hajali. Lakini mgonjwa huyu nguvu zake ni haba, na wengi wao husema asubuhi ndiyo mbaya zaidi.

Tena kuna jambo linalowapoteza watu. Akijikaza leo kupita kiasi, adhabu huja kesho au kesho kutwa. Amepalilia Jumatatu, Jumatano hainuki kitandani. Jirani ataunganishaje hayo mawili?

Hapo ndipo kusoma kwetu kunafaa. Chukua daftari. Andika siku, saa, kazi aliyofanya, na hali yake. Baada ya wiki 2 utaona saa zake nzuri ni zipi. Kazi ndogo ziwekwe hapo, naye apumzike kabla hajachoka.

Lakini msikimbilie kuupa jina wenyewe. Uchovu wa siku nyingi huletwa pia na safura, kisukari, Ukimwi na kifua kikuu. Homa ya kifua kikuu nayo hupenda jioni, na jasho usiku. Hayo yana dawa. Uchovu sugu bado haujapata dawa ya kuuponya. Kwa hiyo kwanza mpelekeni zahanati apimwe damu, na makohozi kama anakohoa. Daftari lile aende nalo, mganga alisome.