Uvimbe wa Ini Hauna Jina Moja: Subirini Majibu ya Kipimo

Hotuba ya daktari wa hospitali ya wilaya katika mkutano wa wakazi wa kata



Nimeombwa nieleze kwa nini mgonjwa aliyeonekana na uvimbe kwenye ini hupewa rufaa, hutolewa kipande kidogo cha nyama kwa sindano, kisha huambiwa asubiri majibu. Najua kusubiri huko kunaumiza. Zipo familia zinazokata tamaa, zikamrudisha mgonjwa nyumbani na kuanza kutafuta mchawi.

Ndugu zangu, picha ya ultrasaundi huonesha kwamba uvimbe upo. Mara nyingi haisemi umetoka wapi. Saratani huweza kuanza katika seli za ini lenyewe, au katika mifereji ya nyongo iliyomo ndani yake. Huweza pia kuwa imesafiri kutoka utumbo mpana, titi au pafu. Hata chini ya hadubini, seli hizo huweza kufanana kama mapacha.

Hapo ndipo hutumika kipimo cha kingamwili. Kipande kile huhifadhiwa katika formalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba vya takriban mikroni 4, vinavyopitisha mwanga. Mtaalamu huvitia kingamwili zilizotengenezwa ili kushika protini maalumu, kama ufunguo na kufuli lake. Zikishika, rangi ya kahawia hujitokeza. Zisiposhika, hubaki rangi ya buluu tu.

Protini iitwayo arginesi-1 hupatikana kwa wingi katika seli za ini. Keratini 7 na 19 huelekeza kwenye mifereji ya nyongo. Keratini 20 na CDX2 huelekeza kwenye utumbo. Lakini shahidi mmoja hatoshi. Hakuna rangi isiyoweza kupotosha, ndiyo maana mtaalamu hupima kadhaa kwa pamoja na kuzilinganisha na picha na historia ya mgonjwa.

Tofauti hiyo ndiyo huamua tiba. Uvimbe ulioanza kwenye ini, ukiwahiwa, huweza kukatwa. Uliotoka kwenye titi huweza kutibiwa kwa dawa za homoni. Dawa ya huyu si dawa ya yule, na anayekosa jina sahihi la ugonjwa wake huweza kumaliza fedha na muda kwa tiba isiyo yake.

Si kila mgonjwa huhitaji sindano hiyo. Kwa mwenye ini lenye makovu, picha ya CT huweza kutosha. Daktari ndiye atakayeamua.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, msimwondoe mgonjwa kabla ya majibu. Pili, mwambieni daktari saratani yoyote aliyowahi kuugua, hata kama ni ya zamani. Tatu, tunzeni ripoti, na ulizeni kipande cha nta kimehifadhiwa wapi, kwani huweza kupimwa tena hata baada ya miaka.

Na kwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba, wapelekeni watoto wakapate chanjo zao, ikiwemo ya homa ya ini B, na kausheni vyema mahindi na karanga ili kuepuka sumukuvu. Vyote viwili, virusi hivyo na sumu hiyo, huchangia saratani ya ini.