MALI BILA DAFTARI: WANANCHI NA MIKATABA YA MAFUTA

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanakampeni wa mageuzi, Bumala



Nimeombwa nizungumzie mikataba ya mafuta na gesi. Huenda yupo atakayeuliza: sisi wa mpakani yatuhusu nini, ilhali hapa hakuna kisima hata kimoja? Mafuta tunayoyaona sisi ni yale yaliyomo katika malori yanayopanga foleni kwenda Uganda. Jibu limo katika Kifungu cha 62 cha Katiba yetu ya mwaka 2010. Madini yote na mafuta yote yaliyo ardhini ni mali ya umma, na Serikali ya taifa imekabidhiwa iyashike kama amana ya watu wa Kenya. Mafuta ya Lokichar, kule Turkana, ni amana ya mkulima wa Bumala kama yalivyo amana ya mfugaji wa Turkana. Na mwenye amana ana haki ya kuuliza hesabu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mafuta ni mkataba. Asiyeusoma mkataba hawezi kujua iwapo ameibiwa au amepewa haki yake.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha Kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Miaka miwili baadaye, mwaka 1984, ikapitishwa Sheria ya Petroli iliyompa Waziri mamlaka ya kujadiliana na kampuni na kutia sahihi mikataba kwa niaba ya Serikali. Mkataba haukulazimika kupita Bungeni, wala mwananchi hakuonyeshwa. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991, lakini sheria ile ya mafuta iliendelea kutumika hadi mwaka 2019. Twaweza kubadilisha idadi ya vyama kwa siku moja, na desturi ya siri ikabaki ofisini kwa karibu miaka thelathini.

Sasa tuutazame mkataba wenyewe. Zamani kampuni za kigeni zilipewa eneo, zikayamiliki mafuta yaliyotoka, na dola ikaambulia mrabaha na kodi. Katika miaka ya 1960 nchi ya Indonesia ilianzisha utaratibu mwingine, uitwao mkataba wa kugawana uzalishaji. Humo, mafuta hubaki mali ya taifa. Kampuni huwa mkandarasi: hutoa fedha zake, huchimba kwa hatari yake yenyewe, na isipopata kitu hasara ni yake. Ikipata, hulipwa kwa mafuta. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimefuata njia hii.

Malipo hayo huenda kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mafuta ya gharama, ambayo kampuni huchukua ili kurudisha fedha ilizotumia. Fungu la pili ni mafuta ya faida, yaani yale yanayosalia, na hayo ndiyo yanayogawanywa kati ya kampuni na Serikali.

Tuchukue mfano wa mapipa 100, na nawaomba mfuate hesabu kwa makini. Waziri wa kwanza anajisifu kwamba amepata asilimia 60 ya mafuta ya faida. Lakini mkataba wake unairuhusu kampuni kuchukua hadi mapipa 80 kwa ajili ya gharama. Yanasalia 20, na Serikali inapata 12. Waziri wa pili amepata asilimia 50 tu ya faida, lakini ameweka kikomo cha gharama kuwa mapipa 50. Yanasalia 50, na Serikali inapata 25. Asilimia kubwa imezaa fungu dogo, na asilimia ndogo imezaa fungu kubwa. Ni kweli kwamba gharama isiyolipwa mwaka huu kwa kawaida husogezwa mwaka ujao, hivyo kikomo huchelewesha deni bila kulifuta. Hata hivyo, kikomo huhakikisha kwamba hazina ya umma haikai mikono mitupu miaka nenda miaka rudi ikisubiri kampuni ishibe.

Kutokana na hesabu hiyo mnaona mlango wa hatari ulipo. Upo katika gharama. Kila dola ya gharama ya uongo, iwe ni mtambo uliokodishwa kwa bei ya kuruka kutoka kampuni dada au mishahara ya ofisi za ughaibuni, hupunguza mafuta ya faida kabla hayajagawanywa. Nchini Tanzania, mwaka 2011, kamati ya Bunge ilihoji gharama za takribani dola milioni 28 zilizodaiwa katika mradi wa gesi wa Songo Songo, na kampuni ikapinga hoja hizo. Gharama zile zisingehojiwa hata kidogo kama Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lisingezikagua. Kwa hiyo, mkataba usiompa mkaguzi wa Serikali haki na muda wa kutosha wa kuchunguza vitabu ni mkataba wenye tundu.

Tundu jingine ni la mauzo ya mkataba wenyewe. Jirani zetu wa Uganda waligundua mafuta ya kutosha biashara katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Mwaka 2010 kampuni ya Heritage iliiuzia Tullow haki zake kwa dola bilioni 1.45. Uganda ilidai kodi ya dola milioni 434 kutokana na faida ya mauzo hayo. Heritage ikakataa, ikaipeleka Serikali mbele ya wasuluhishi London, na Uganda ikashinda mwaka 2013. Mambo mawili ya kujifunza yamo humo: kodi ya mauzo iandikwe waziwazi tangu mwanzo, na tujue kwamba mkataba uliotiwa sahihi Kampala au Nairobi huenda ukahukumiwa Ulaya.

Nasi yametufika. Tullow ilitangaza mafuta katika kisima cha Ngamia 1 Machi 2012. Mwaka 2018 malori yakaanza kusafirisha mafuta ghafi hadi Mombasa kwa majaribio, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ikauzwa kwa dola milioni 12. Hiyo ni sawa na dola 60 kwa pipa. Watu walishangilia. Lakini bei ya pipa haituambii mwananchi alipata nini. Hilo hujulikana tu baada ya kutoa gharama, na gharama hujulikana tu kwa mwenye kuona vitabu. Mwaka 2025 Tullow iliuza miliki yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy kwa bei isiyopungua dola milioni 120. Mkandarasi amebadilika, visima havijahama, na mwenye mali ni yule yule.

Msidhani kwamba sheria imetuacha mikono mitupu. Kifungu cha 71 cha Katiba chasema kwamba makubaliano ya kutumia maliasili yaliyofanywa baada ya Katiba hiyo kuanza yaidhinishwe na Bunge. Mikataba ya Lokichar ilitiwa sahihi kabla ya mwaka 2010, lakini Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inataka mpango wa kuendeleza visima nao upelekwe Bungeni kuidhinishwa. Sheria hiyo hiyo inagawa fungu la Serikali: asilimia 75 kwa taifa, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii ya mahali mafuta yanakotoka. Hiyo 5 ilipiganiwa kwa miaka, kwani awali Bunge lilikuwa limepitisha 10. Lakini rudini kwenye mfano wetu. Serikali ikipata mapipa 25, kaunti inapata 5 na jamii inapata pipa moja na robo. Ikipata 12, kaunti inapata mawili na nusu ya pipa hivi, na jamii haipati hata pipa zima. Wanaogombania asilimia za mwisho bila kutazama hesabu ya kwanza wanagombania makombo huku mlo unaliwa.

Wapo watakaosema kwamba tukiwabana wawekezaji watakimbia. Hoja hii isidharauliwe. Kampuni huweka fedha nyingi ardhini kabla ya kuona tone, na mkataba usiompa faida halali hautachimbwa na mtu. Lakini mwekezaji wa kweli huogopa zaidi mkataba unaobadilishwa kila Serikali inapobadilika, na mkataba uliofichwa ndio unaobadilishwa. Mwaka 2014 nyongeza ya mkataba kati ya TPDC na Statoil ilivuja Tanzania, ukazuka mjadala mkali. Mwaka 2017 Bunge la Tanzania likatunga sheria ya kuipitia upya mikataba yenye masharti dhalimu. Uwazi wa mapema ungekuwa kinga kwa pande zote mbili.

Basi mkutanapo na mbunge wenu, msimuulize ataleta nini. Mwulizeni haya. Je, kikomo cha mafuta ya gharama ni mapipa mangapi kwa kila mia? Faida inagawanywaje bei inapopanda? Nani anakagua gharama, na amepewa miaka mingapi? Gharama za kitalu kilichokauka zaweza kudaiwa kwenye kitalu chenye mafuta? Kipo kipengele kinachozuia sheria mpya za kodi, na kwa muda gani? Nani atasafisha ardhi visima vikikauka, na fedha za kazi hiyo zimewekwa wapi? Akisema hajauona mkataba, mwulizeni aliidhinisha nini. Akisema ni siri, msomeeni Kifungu cha 35, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola.

Ndugu zangu, vyama vingi tulivipigania ili pawe na mtu wa kuuliza. Bunge lenye vyama kumi lisilosoma mkataba mmoja halina tofauti na lile la chama kimoja. Daftari lipo. Tulidai, tulifungue, tulisome kwa sauti, na lugha yetu ya Kiswahili inatosha kabisa kwa kazi hiyo.