Mlima Tulioutazama Tukiwa Mezani
(Maneno ya Mweka Hazina)



Wazo la kwenda kula hotelini Moshi mjini, kule juu ghorofani wageni wanakokaa kuutazama Mlima Kilimanjaro, mimi nililipinga. Nilisema, "Sisi wa Uru tunaamka nao mlangoni, tukalipie nini?" Nilihofia pia fedha za mikopo.

Tukakubaliana kila mama achange chake kidogo kidogo kwa miezi sita. Mfuko wa mikopo haukuguswa hata shilingi.

Tulifika saa 11 jioni, maana mchana mawingu huufunika. Mara Kibo ikatokea, na Mawenzi kuliani. Chini yake ukanda wa kijani: ndiyo migomba yetu ile! Mwenzetu mmoja, aliyeshuka miaka mingi na mikungu ya ndizi kichwani kwenda sokoni, akaletewa mtori. Akanyamaza, halafu akasema, "Jamani, mjini sijawahi kula nimekaa."

Mnajua kwetu kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa ndiyo ya mama. Hela hizo za ndizi ndizo zilizoanzisha chama hiki. Siku ile niliona kwa mbali zinakotoka, na mwendo tunaotembea kuzitafuta.

Basi nakiri nilikosea. Ila utaratibu ule tuushike: raha tuichangie, mikopo tusiiguse.