Kisima cha Broad Street

Mji wa London umepatwa na misiba mingi: tauni ya mwaka 1665, moto mkuu wa mwaka 1666, na kipindupindu zaidi ya mara moja. Uko mmoja ustahilio kukumbukwa na kila mtu achotaye maji.

Mwisho wa Agosti, 1854, kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho. Kwa muda wa siku kumi walikufa watu zaidi ya 500. Madaktari wengi waliamini ya kuwa ugonjwa huo huletwa na hewa yenye uvundo. Daktari John Snow hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza mahali wachotapo maji, akaona ya kuwa wengi wa waliokufa walitumia bomba la Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu walisalimika, maana walikunywa bia na walikuwa na kisima chao.

Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba uliondolewa. Hata hivyo, wengi hawakusadiki. Kasisi Henry Whitehead alianza kuchunguza akidhani Snow amekosea; mwisho akagundua kwamba maji yaliyofulia nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa katika shimo la uchafu lililobomoka, hatua chache tu kutoka kisimani.

Maji yale yalisifiwa kwa uzuri wake. Basi, macho hayatoshi kuyapima maji, na choo na kisima visiwe majirani.