Soma Neno Mpaka Ku Mkia Wake

Mazungumzo mbele ya memba wa shirika, Kisangani



Wengi wenu mulirudi kutoka Uganda na Kiingereza kidogo: cha kambi, cha soko, cha kupanga mstari mbele ya ofisi. Hiyo ni mali. Tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo Kiingereza kitazidi kutufuata mpaka hapa Tshopo. Leo nataka tuangalie maneno ya udanganyifu, juu njo yale yanaweza kutugharimu zaidi.

Tuanze na neno lenyewe, "deception". Mtu aliyesoma kwa Kifaransa anafikiri haraka: ni "déception", kuvunjika moyo. Hapana! Kwa Kiingereza ni udanganyifu. Tuseme pesa za mradi zimechelewa, na munamwandikia mfadhili: "We were deceived". Nyinyi munataka kusema mumesikitika. Yeye anasoma kwamba kuna mtu amewadanganya. Ataanza kutafuta mwizi ambaye hayuko, na urafiki utaingia baridi. Kwa kusikitika, andika "disappointed". Kama mtu aliahidi na hakutimiza, Kiingereza kinasema "he let us down". Ni lawama, ndiyo, lakini haimwiti mtu tapeli.

Ile "let down" inatupeleka ku shida ya pili: vitendo vyenye mkia. Kiswahili chetu kinabadilisha kitendo ndani yake: kukimbia, kukimbiza, kukimbilia. Mtu aliyepita ukimbizini hawezi kuchanganya hayo matatu. Kiingereza kinaacha kitendo vile kilivyo, kisha kinaongeza neno dogo nyuma. "Run away" ni kukimbia hatari. "Run after" ni kumfuata mtu mbio. "Run out of" ni kuishiwa na kitu. Ukisoma "run" peke yake, bado hujajua kinachosemwa.

Angalia sasa haya:

"Take in": "They took us in" maana yake walitupokea kwao. Lakini "we were taken in" mara nyingi ni: tulidanganywa.

"Make up": watu wawili waliogombana wanapatana tena. Lakini "make up a story" ni kutunga hadithi, na mara nyingi ni kutunga uongo.

"Sign up" ni kujiandikisha. "Sign away" ni kutia sahihi na kupoteza haki yako, kwa mfano haki ya kiwanja.

"Hand in" ni kupeleka karatasi ofisini. "Hand over" ni kukabidhi: kitu kimetoka mikononi mwako.

Muone vile neno dogo linaweza kubeba nyumba nzima.

Sasa tufanye zoezi. Huu ni ujumbe wa telefone, nimeutunga kwa ajili ya somo: "You have been picked out for resettlement. Fill in the form and send 100 dollars to sort out your file." Yaani: umechaguliwa kupelekwa nchi ya tatu, jaza fomu, tuma dola 100 tutengeneze dosye yako. Kiingereza chake hakina kosa hata moja. Uongo hauko mu sarufi, uko mu zile dola 100. Huduma za HCR hazilipiwi, hata ile ya kupelekwa nchi ya tatu. Anayeomba pesa kwa ajili ya hiyo ni tapeli, hata aseme Kiingereza cha Uingereza.

Njo maana tujifunze pia maneno ya tabia. "Charming" ni mtu anayevutia kwa maneno. "Reliable" ni mtu wa kutegemewa. Hayo mawili si ndugu. "Honest" ni mkweli. "Two-faced" ni ndumilakuwili. "Gullible" ni mtu anayeamini haraka, na hapa ninaomba tusichekane. Muangalie vikapu vya Wagenia pale ku maporomoko. Mvuvi hasukumi samaki. Nguvu ya maji njo inamwingiza ndani. Kwa tapeli, maji ni haraka: "leo ni siku ya mwisho", "nafasi imebaki moja". Mwenye shida anasukumwa, hata kama ana akili nyingi.

Basi ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, barua au ujumbe wowote wa Kiingereza unaoomba pesa, sahihi au karatasi za utambulisho, usomwe na watu wawili mbele ya kujibu. Pili, barua yetu yoyote kwa wafadhili isomwe na mtu wa pili mbele ya kutumwa. Tatu, kila memba awe na daftari la vitendo na mikia yao, na aandike sentensi nzima, si neno peke yake.

Nawaachia kimoja cha kuanzia ukurasa wa kwanza: "see through". "I see through you" maana yake ni: uongo wako nimeuona, na pesa zangu zinabaki mfukoni.