Maji ni Majivu, Si Kuni



Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iko kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, ikakusudiwa kupokea watu wasiozidi 12,000. Leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo tangu sokoni hadi kisimani. Wengi hupika kwa kuni na mkaa. Lilongwe nako umeme si wa kutegemewa siku zote: tufani Ana ilipokiharibu kituo cha Kapichira katika mto Shire, Januari 2022, nchi ilipoteza karibu megawati 130 kwa mara moja.

Penye shida ya nishati namna hiyo, maneno matamu hayakosi wasikilizaji. Miongoni mwake ni madai ya chombo ambacho, eti, hutiwa maji, huyapasua kwa umeme wa betri ndogo, kisha hutoa nishati nyingi kuliko iliyoingia. Madai haya yameizunguka dunia kwa miaka mingi. Hapana budi yapimwe kabla hayajafika mfukoni mwa maskini.

Ukweli wenyewe ni huu. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua; kwa lugha ya jikoni, ni majivu yake. Kila mpishi ajua kuwa majivu hayawaki. Ili maji yawe tena haidrojeni na oksijeni, sharti nishati yote iliyotoka wakati wa kuungua irudishwe. Kwa lita moja ya maji, mitambo iliyopo hutumia yuniti 5 hadi 6 za umeme. Haidrojeni ipatikanayo, ikitiwa katika seli ya kuzalishia umeme, hurudisha yuniti 2 hivi. Zilizosalia hupotea, sehemu kubwa zikiwa joto. Seli hizo zenyewe si uzushi: William Grove alionyesha ya kwanza karibu na mwaka 1839, na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vilizitumia. Lakini vilibeba haidrojeni yao kutoka duniani. Maji yalikuwa masazo, na wanaanga waliyanywa.

Pengine mtu atauliza: mbona maji ya Shire hutoa umeme? Hutoa kwa sababu yanaporomoka. Jua ndilo liliyainua yakawa mvua, nayo hulipa deni hilo yashukapo.

Nchini Marekani, Stanley Meyer alidai kuwa gari lake lilikwenda kwa maji. Wataalamu walikikagua chombo chake, wakakuta upasuaji wa maji wa kawaida. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliamua kuwa huo ulikuwa udanganyifu mkubwa, ikamwamuru awarudishie wawekezaji wawili dola 25,000. Hao walikuwa na mahali pa kudai haki yao. Je, mkimbizi aliyeamriwa mwaka 2023 kufunga duka lake mjini na kurejea Dzaleka, akiitoa akiba yake iliyobaki kwa chombo kama hicho, atamshtaki nani, na kwa nauli gani?

Hatusemi kwamba vijana waache kubuni. Katika wilaya ya Kasungu, jirani ya Dowa, William Kamkwamba wa Wimbe alisoma kitabu cha maktaba baada ya njaa ya 2001 na 2002, akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na vyuma vilivyotupwa. Taa iliwaka, na kila jirani aliona kwa macho yake kilichokuwa kikiizungusha mitambo: upepo.

Basi kipimo ni chepesi. Betri iondolewe. Umeme uingiao na utokao upimwe. Chombo kiachwe kifanye kazi siku nyingi mbele ya wataalamu wasiokuwa na hisa ndani yake. Lilongwe ina Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia pamoja na mamlaka ya kusimamia nishati. Huko ndiko chombo kipelekwe kwanza, kabla senti moja haijachangwa. Mwenye chombo cha kweli hana sababu ya kuiogopa mita. Anayeiogopa mita, lakini haogopi kupokea akiba ya mkimbizi, amekwisha kujieleza mwenyewe.