Mgeni, Mwenyeji na Jembe



Leo nasema juu ya huduma ya Kanisa wakati watu wamekimbia. Tukisikia neno huduma tunamfikiri padri, mchungaji au katekista. Lakini mapigano yalipozuka pande za Salamabila na Namoya mwaka 2017 na miaka iliyofuata, wengi waliokimbia hawakulala parokiani. Walilala kwa watu. Mama mwenye chumba kimoja alikigawa kwa kitenge. Muhogo uliolowekwa kwa ajili ya watoto wanne ukaliwa na tisa. Mama huyo hakuwekewa mikono na askofu, lakini huduma ilikuwa yake. Maaskofu wetu walipochagua mwaka 1961 kwamba Kanisa la Kongo lisimame juu ya jumuiya ndogo, hizi tunazoziita mashirika, walikuwa wanatafuta watu kama yeye.

Shida huanza siku ya msaada. Orodha inasomwa, mgeni anaitwa, mwenyeji aliyemaliza ghala yake anabaki akitazama. Au kinyume: jamaa za mwandishi wa orodha wanajaa, na mjane asiyejulikana na mtu anarudi na kikapu kitupu.

Jambo hili si jipya. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume waliita mkutano wote, na mkutano wenyewe ukachagua watu 7. Tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kigiriki. Yaelekea wengi wao walitoka upande ule ule uliolalamika! Basi kamati ya mgawo iwe na mgeni ndani yake, iwe na mwenyeji, na kwa mji kama Kasongo, ambao Waislamu wake ni wa tangu siku za Tippu Tip, iwe na mtu wa msikiti pia. Njaa haiulizi ubatizo.

Sasa neno kwa wazee wetu, makapita na machifu. Watu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hulitumia neno hilo kumfukuza mtu. Lakini jembe bila shamba ni chuma tu. Aliyefika wakati wa kiangazi asipopata pa kulima mvua za Septemba zikianza, atakula kwa mwenyeji mwaka mzima, na hapo ndipo ugomvi wa jikoni unageuka ugomvi wa makabila.

Naelewa hofu yenu. Mtu akipanda michikichi, kesho atasema udongo ni wake. Kwa hiyo patanisheni mapema: shamba ni la msimu mmoja, apande karanga, mahindi, maharagwe, si mti wa kudumu. Mavuno ni yake, udongo ni wa mwenyewe. Maneno hayo yasemwe mbele ya shirika na mbele ya wazee wa msikiti, na kapita aandike majina mawili, la mwenye shamba na la mwenye jembe, kabla ya mvua ya kwanza.